Nyumba ya Kamba Juu ya Ziwa

Watu walimwita Mama Kamba, na jina lenyewe hakupewa kwa utani tu. Alikuwa msanifu wa majengo, mwenye kompyuta yake na ofisi ya vyumba viwili juu ya duka la rangi, lakini hakuna nyumba aliyokubali ichimbiwe msingi kabla hajaichora ardhini kwa vigingi na kamba. Wateja aliwalazimisha waingie humo, watembee, wakae, hata wagombane. "Karatasi ni nzuri," alikuwa akisema, "ila haikanyagiki." Ndiyo tabia yake, na nani angemweza?

Safari hii wateja walikuwa dada yake wa tumbo moja na shemeji. Kiwanja kilikuwa ubavuni mwa mlima, mteremko ambao hata mbuzi angeufikiria mara mbili, na chini yake ziwa zima. Mwaka uliopita ziwa hilo lilimchukua mtoto wao wa pekee. Alikwenda kuogelea na wenzake, wenzake walirudi. Mwili haukuonekana.

Na shemeji, loo! akaenda kununua kiwanja pale pale. Akataka nyumba ya kisasa, sebule ya vioo kutoka sakafuni hadi darini, kila chumba kitazame maji. Dada hakusema ndiyo wala hapana. Ila siku moja wakiosha vyombo alimnong'oneza mdogo wake: "Akihamia huko atahamia peke yake. Mimi nabaki hapa hapa kwenye nyumba ya kupanga."

Mama Kamba alisikia, akameza. Mtoto yule alikuwa mwanawe pia, likizo zote alishinda kwake, na tangu msiba hakuna aliyethubutu kumtaja. Basi akafanya kosa ambalo kwa mteja mwingine asingelifanya kamwe: akachora bila kuuliza. Alichora kila kitu kama shemeji alivyoagiza, huku moyoni akimlaani kwa ukavu wa macho yake.

Ikafika asubuhi ya kamba. Vigingi walivipigilia kwa taabu, udongo ukiporomoka chini ya viatu. Vyumba vilishuka mlima kwa ngazi, kila kimoja kimekaa begani mwa chenzake. Shemeji akatoka chumbani, akaruka kamba, akakata moja kwa moja hadi sebuleni.

"Shemeji, umepita ukutani! Wewe jini?"

"Nyumba yangu, napita ninapotaka," akajibu, akacheka kidogo.

Dada yeye alifuata milango yote, polepole, kama mgeni. Akaingia jikoni, akaweka kigoda, akakaa. Uso aliuelekeza mlimani, ziwa akalipa kisogo.

"Dada, geuka basi uone dirisha lako," Mama Kamba akasema, na papo hapo akatamani kuung'ata ulimi wake.

"Sigeuki."

"Hata mara moja?" shemeji akauliza kutoka sebuleni.

"Nikiyatazama hayo maji nasikia ananiita. Una moyo gani wewe, mume wangu? Unataka nipike, nile, nilale natazama kaburi la mwanangu?"

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, watu husema, kana kwamba mzazi ni mmoja tu. Shemeji alikaa chini, udongoni, na suruali yake ya kazini.

"Ndiyo maana nikanunua hapa," akasema. "Hana kaburi jingine. Nikiyapa kisogo, nitakuwa nimemwacha peke yake."

Mama Kamba akalia waziwazi, bila kujifuta. Mwaka mzima alimdhania mtu huyu jiwe! Aliona haya, haya kweli kweli. Mficha uchi hazai, na wao watatu walikuwa wameficha vya kutosha.

Alipotulia akachukua nyundo. Jiko akaligeuza likaelekea mlimani, akaliachia kiua kidogo nyuma ili mwanga uingie kutoka juu. Sebule akaiacha na vioo vyake, na kati ya viwili hivyo akavuta kamba ya ukuta mzima, usio na tundu. Kikabaki chumba cha kulala. Akasimama na kamba mkononi, hajui aifunge wapi. Hapo usanifu wake wote haukumsaidia kitu.

"Kitazame mlima," shemeji akasema. "Usiku maji hayaonekani hata hivyo."

Dada alimtazama mumewe muda mrefu. Kisha akainuka, akaja mpaka kwenye ile kamba kati ya jiko na sebule, akaishika.

"Hapa weka mlango, mdogo wangu," akasema. "Mchana shemeji yako atakuwa amekaa humu peke yake, analia. Nataka niwe namsikia."