Mlango wa Kanisa la Akina Atupele

Kila Jumapili mvua ikitulia, harufu ya ubani ilivuka barabara ya matope hadi uani kwetu, mtaa wa Bagamoyo mjini Tukuyu, nami roho iliniuma. Sisi tulisali Moravian: kuta nyeupe na mabenchi, basi. Rafiki yangu Atupele, niliyesoma naye darasa la nne, alikuwa na kanisa kubwa la Katoliki la tangu enzi za wamisionari. Lilikuwa na matao ya matofali yaliyochomwa hapo hapo, vioo vya rangi vilivyomwaga wekundu sakafuni, Bikira Maria mwenye joho la samawati, na ule mlango mkubwa wa mbao uliochongwa migomba, ndege na mitume kumi na wawili. Na alivyojua kuringa! "Sisi tuna malaika hadi darini, nyie je?" Nilimchukia, jamani. Nilimchukia, na kesho yake namfuata tena.

Siku moja alikuwa akinionyesha mitume mmoja mmoja kwa kidole, uvumilivu ukanishinda. Nikasema, "Mlango huu kauchonga babu yangu." Babu yangu alikuwa mkulima wa chai, hata mpini wa jembe alikuwa akinunua. Atupele alinitazama, kisha akanikumbatia. "Kumbe na wewe ni wa hapa!" Tangu siku hiyo hakuniringia tena.

Miaka mingi baadaye, tukiwa msibani Kisondela, katekista mzee alinisimulia habari za kanisa lile. "Mlango ule? Fundi alikuwa babu yake Atupele, mzaa baba. Ndiyo kazi yake ya mwisho." Atupele hakumjua. Baba yake alimwacha mama yake mapema, Atupele akalelewa ujombani, na habari za upande wa baba hakuweza kuzigusa bila kulia. Nilipaswa kumwambia jioni ile ile. Sikumwambia.

Mwaka huu nimekwenda nyumbani likizo. Kanisa limekarabatiwa, vioo vinang'aa, na Atupele ndiye anayewatembeza wageni. Nilijipenyeza nyuma ya kundi. Alipofika mlangoni akaweka kiganja juu ya mbao, akaninyooshea mkono. "Huu aliuchonga babu yake yule dada pale. Mimi mwenzenu, babu yangu hakuniachia hata kijiko." Alicheka, lakini macho yake hayakucheka, niliuona humo wivu, ule ule wangu wa zamani. Wageni wakageuka kunitazama kwa heshima, mmoja akainua simu anipige picha. Mungu anisamehe, nilisikia raha. Nikasogea karibu na mlango, nikatabasamu.