Simu Aliyoizima Shangazi

Nilifunga safari kwa sababu shangazi yangu, Skolastika, alikuwa ameanza kuaga watu. Tangu awekewe betri ya moyo, kile kifaa kidogo chini ya ngozi ya kifua, upande wa kushoto, alilima ulezi wake kijijini Pito bila shida. Lakini mwaka huu kila akitoka nyumbani alishikwa na kizunguzungu, na mara moja alianguka sokoni. Sasa alitaka kumwona mjukuu wake mchanga kule Kipili, ziwani, kabla hajafa. Nikaombwa nimsindikize.

Asubuhi, stendi ya Sumbawanga. Baridi ya kwetu haina adabu, na shangazi alivaa sweta mbili. Kabla ya kupanda basi alizima simu, akafunga kava lake jipya la mwaka huu, lililotoka Kasesya mpakani, akaisukuma kifuani kama wafanyavyo mama zetu wote wakiogopa vibaka.

"Nikifia njiani," akaniambia, "wasinizike ziwani. Nirudishe Pito."

"Shangazi, hata Chala hatujafika unazungumza mazishi."

Tulipoipita Chala akaegemea dirisha. Jasho likamtoka, na baridi yote ile. "Unadunda tu," alinong'ona, "kama si moyo wangu." Konda alitaka kusimamisha gari, shangazi akakataa, anataka mtoto. Niliogopa, sifichi.

Mchana, Kipili. Binti yake, Leokadia, ni fundi cherehani, na alitupokea na kichanga mikononi. Shangazi akavua masweta, akatoa simu kifuani, akaiweka kwenye meza ya cherehani na kunyoosha mikono apewe mtoto. Pini zilizokuwa mezani zikarukia kava na kuganda. Leokadia akacheka. Mimi sikucheka.

"Shangazi, kava hili lina sumaku?"

"Ndiyo maana linajifunga vizuri."

"Si hospitali walikukataza kuweka simu karibu na betri?"

"Walinikataza simu. Ndiyo maana naizima."

Nilikaa chini, juu ya vitambaa vya watu. Kisha nikapiga simu hospitali alikowekewa kifaa. Mtaalamu alinieleza taratibu: sumaku haizimwi. Ikikaa juu ya kifaa, kifaa kinaacha kuusikiliza moyo, kinaudundisha tu kwa mwendo mmoja, na huenda kizunguzungu kinatoka hapo. Ikiondolewa, kinarudi kazini kwake. Hata simu isiyo na kava ikae mbali na kifua, shibiri moja au zaidi, na mgonjwa aletwe apimwe.

Siku ile alipoanguka tulimzunguka ukoo mzima, padri akampaka mafuta ya wagonjwa, tukalia, na muda wote sumaku ilikuwa imelala pale pale. Lakini nani angetia mkono kifuani mwa mama wa watu?

Siku ya kurudi, simu ilikaa kwenye kapu la dagaa, uchi, bila kava. Baada ya Chala nilimkodolea macho shangazi mpaka akaniuliza kama nimemwona shetani. Alimgombeza konda kwa kelele za muziki, kisha akala mahindi mawili. Hospitali ya mjini walimpima, wakasema betri ni nzima na miadi ya kipimo kamili wataipanga wao na hospitali alikowekewa kifaa.

Tulikuwa tumemwombea sana shangazi. Kumuuliza anabeba nini kifuani, hakuna aliyekumbuka.

Tulipofika Pito alisimama mlangoni, kapu mkononi.

"Lile neno la kunirudisha huku," akasema, "usilisahau. Ila kwanza nataka nimwone yule mtoto akitembea."