Ndoo ya Ningu Wachanga

Kazi yangu ni kuhesabu samaki wachanga wa mtoni. Natumia kokoro, wavu wa kukokota, lile lile ambalo wenzangu wa ofisi moja wanawanyang'anya wavuvi na kulichoma hadharani. Langu ni dogo, matundu yake hayapitishi punje ya mtama, na lina barua ya kibali. Watu wa kijijini barua hawaisomi. Wanatazama kokoro, wananitazama mimi, wanaguna.

Kijiji chenyewe kiko upande wa Geita, na kando ya mto wake kuna mwalo wa kuoshea mchanga wa dhahabu. Bwawa la maji machafu ya mwalo lilianza kuvuja, mbuzi wanaokunywa chini yake wakaanza kuharibu mimba, wenye mbuzi wakalalamika. Ofisi ikajibu kwa busara zake: vipimo kwanza. Niende mara tatu, kila mwezi mara moja. Nikipata samaki wachanga juu ya mwalo, mto unakotoka, na nikikosa chini yake mara zote tatu, mwalo utahamishwa.

Nilifikia kwa mama mmoja mjane, wa kwanza kutia sahihi malalamiko. Kokoro huvutwa na watu wawili, na upande wa pili alishika yeye, kanga kiunoni. Siku ya kwanza tulipima juu. Kila samaki nilimkata ncha ya pezi la mkia kabla ya kumwachia, ili nikimkuta tena nisimhesabu kama mgeni. Siku ya pili tulishuka chini ya mwalo. Hapo naziba mto kwa nyavu mbili alfajiri, nangoja maji yatulie, ndipo tunavuta mara tatu. Mwezi wa kwanza tulivuta majani. Mwezi wa pili majani na kandambili moja.

Moyoni nilifurahi. Lakini mdomo wangu hauna adabu. Mara ya tatu, siku ile tuliyomaliza kupima juu, nikamtania: "Nikirudi na sifuri tena, Mama, bosi atasema nakuja huku kulala tu." Hakucheka. Huyu ni mtu ambaye mgeni wake haondoki mikono mitupu. Safari ya kwanza alinifungia michembe ya viazi vitamu, ya pili jogoo, na jogoo yule alinichafua suruali hadi nyumbani. Ningejua kusoma uso wa mtu ningeliona jambo.

Kesho yake nikaziba mto. Akaniambia, "Nenda kanywe uji, upo jikoni. Mimi nitalinda nyavu, ng'ombe wasije wakazikanyaga." Nikaenda. Uji ulikuwa mzuri, nikaongeza kikombe.

Tulipovuta, wakaingia samaki tisa, ningu wachanga. Mama akapiga vigelegele. "Mungu si Athumani!"

Nikamgeuza mmoja. Mkia umekatwa. Wa pili hivyo hivyo. Wote tisa.

"Mama, hawa wametoka wapi?"

"Mtoni."

"Mto upi?"

"Si huu huu? Kule juu. Jana jioni, na ndoo." Akaona haya. "Nilikuonea huruma, mwanangu. Mtu mzima, msomi, kila ukija unavuta majani. Huko kazini si watakufukuza?"

Nilikasirika. Sitapamba: nilimfokea mwanamke wa rika la mama yangu, nikiwa majini hadi kiunoni. Nikamwambia sifuri ndiyo iliyotakiwa, sifuri ndiyo ingeuhamisha mwalo, na yeye kaimwagia ndoo nzima. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa mbona hukusema?"

Kweli sikusema. Miezi mitatu nakula chakula chake, na sikuwahi kumweleza kwamba naomba nisipate kitu.

Tukavuta tena, maana utaratibu ni utaratibu. Wakaja watano, wawili wamelala ubavu. Mara ya tatu walikuwa wameshakufa, na wengine wameelea wakaegemea wavu wa chini. Wale tisa wa kwanza, niliowaweka kwenye beseni la maji ya pale pale, hawakuufikia mchana. Siku iliyotangulia, kule juu, beseni hilo hilo lilikaa na samaki nusu siku na wakaondoka wazima.

Fomu ina safu ya idadi na safu ya urefu. Safu ya samaki waliouawa na ukarimu haina. Niliandika yote nyuma ya karatasi, nikampelekea bosi picha kwa simu. Alijibu upesi, jambo ambalo si kawaida yake. Mlalamikaji ameingilia vipimo, kwa hiyo vyote vifutwe. Tuanze upya mvua zikiisha.

Mama alikuwa bado anatazama beseni. "Sisi maji tunachemsha," alisema.

Nikamwambia sumu ya aina hii haiondoki kwa kuchemshwa.

"Hee," akasema, akaondoka.

Nilimkuta nyumbani anamwaga mtungi uani. Akamwaga na jagi, na kibakuli cha kuku. Kisha akachukua ndoo akaelekea juu ya mwalo, mwendo mrefu, wenye mlima. Nilitaka kumpokea ndoo, akakataa. Mgeni hatumwi maji. Alirudi jua limeinama, shingo imekakamaa, na ndoo moja. Akachemsha chai, akanipa mimi kwanza. Niliinywa kwa aibu.

Ndoo ile ilitutosha sisi wawili. Mbuzi, wenye mimba wakiwemo, walishuka kunywa pale pale walipozoea, kule juu ni mashamba ya watu, na hatukuwa na pengine pa kuwapeleka.