Noël Kumi za Kiwanda cha Kahawa

Siku moja ya mwezi wa kwanza, juu kule Kipese, hunirudia kila ninaposikia harufu ya viazi vinavyochomwa ndani ya majivu. Hunirudia na baridi yake na ukungu wake, na vicheko vya watu ambao wengi wao hawapo tena. Mwanangu, kaa karibu. Nasikia vijana wa Butembo mnauza moto zenu, hizo pikipiki, mpate sehemu katika kampuni za kakao za Beni. Mnasema kakao imepanda. Sikatai, imepanda. Lakini mimi nilikuwa kijana wakati kahawa ilipanda, na nilipanda nayo, na hakuna aliyekuja kunishusha.

Shule sikuifikisha mbali. Baba alipokufa nilitoka darasa la nne pale Luofu nikashika chukudu, lile baiskeli letu la mbao lisilo na pedali. Nilisukuma viazi, nilisukuma makaa, siku nyingine nilisukuma mgonjwa. Jioni mikono ilikuwa haifungi. Lakini tulikuwa tunaimba, mwanangu. Tuliteremka milima ya Lubero tukiimba, upepo usoni, na hakuna aliyeuliza kama nyuma ya kona kuna bunduki. Ningeweza kununua tena asubuhi moja kama ile, nisingeuliza bei.

Kwa jasho hilo nilikusanya mbuzi kumi na nne. Kwetu mutu haoi kwa maneno, anaoa kwa mbuzi, na mbuzi zangu zote zilikuwa na jina moja: Kavira, binti ya muzee Kambale wa Kipese. Alikuwa na kicheko kinachoanzia puani. Ukikisikia mara moja, unarudi kumchekesha tena.

Wakati huo Beni kulikuwa na kiwanda cha kukoboa kahawa. Tulikiita Usine tu. Kilikuwa mali ya watu wengi, kila mmoja na sehemu yake, na kila mwaka kabla ya Noël, ndiyo Krismasi, faida iligawanywa kwa wenye sehemu. Mkubwa wao alikuwa Muhindo, tuliyemwita Président. Namtaja kwa jina bila haya, kwa kuwa yeye hakuwa na haya. Alipanda Butembo na viatu vinavyong'aa, akatukusanya vijana wa chukudu nyuma ya soko.

"Batoto, musikie! Faida ya mwaka hii inapita ya mwaka jana mara kumi! Mara kumi! Nani kati yenu anataka kusukuma mbao mpaka kufa?"

Ilikuwa kweli, mara kumi. Alichoacha kusema ni kwamba zaire, pesa yetu ya wakati ule, ilikuwa inayeyuka. Zaire ya asubuhi haikununua jioni kile ilichonunua asubuhi. Wanasema njia ya mwongo ni fupi, lakini Muhindo hakusema uongo hata neno moja. Ndiyo maana njia yake ilikuwa ndefu hivyo.

Nilifanya hesabu yangu ya chukudu. Faida ya sehemu moja mwaka ule ilitosha mbuzi tatu. Bei ya sehemu moja ilikuwa sawa na mbuzi zangu zote. Nikasema: tatu kila mwaka, miaka mitano ni kumi na tano, zimerudi na moja juu! Nikauza mbuzi, nikabeba zaire ndani ya gunia la viazi, nikarudi na karatasi yenye muhuri. Sikumuuliza mutu. Hata baba mudogo Mbusa, ndugu ya baba yangu aliyenilea, sikumuuliza, naye alikuwa na sehemu moja katika Usine tangu ilipozaliwa. Kijana akiwa na karatasi yenye muhuri anaona wazee wote ni wa zamani.

Ndipo tukapanda Kipese kuomba mke: mimi, baba mudogo Mbusa, na mke wake mama Masika. Muzee Kambale hakuwa mutu wa haraka. Alichochea moto, akageuza viazi, akauliza mvua ya Luofu. Kisha akajipangusa majivu.

"Bon. Mbuzi iko wapi?"

Baba mudogo akakohoa. "Muzee, kijana hakuleta mbuzi. Alileta kitu inapita mbuzi."

Nikatoa karatasi. Muzee akaishika kwa ncha, kama mutu anavyoshika unyoya wa ndege asiyemjua.

"Hii inakula majani?"

"Hapana, tata," nikajibu, nikimwita baba kwa heshima.

"Inazaa?"

"Inazaa sana! Mwaka jana ilizaa mbuzi tatu."

"Na ile mwaka ilitangulia?"

Nikageuza karatasi, nyuma hakukuwa na kitu. Nje nilisikia kicheko kile cha puani, nikajua Kavira yuko nyuma ya ukuta.

Muzee akamgeukia baba mudogo. "Mbusa, weye uko na sehemu kule tangu mwanzo. Ilikulipa ngapi?" Baba mudogo akaanza: zaire elfu kadhaa mwaka wa kwanza, mwaka mwingine milioni. Muzee akainua mkono. "Wacha zaire. Zaire ni ukungu, unaona mlima, kumbe ni kichaka." Akamtazama mama Masika. "Mama, weye ndiyo unapika. Noël ya kwanza ya Usine, mulikula nini?"

Mama Masika akapiga makofi kwa furaha. Hakuna aliyewahi kumuuliza habari za kampuni.

"Ile ya kwanza? Mbuzi moja, mweusi! Mbusa alijikata kidole. Ya pili vilevile, mbuzi moja, tulialika mpaka katekista. Ya tatu ..." Akafikiri. "Ya tatu miti ya kahawa ilikauka. Tulikula sombe, majani ya muhogo tu. Ya ine, sombe."

"Sombe na samaki," baba mudogo akasema.

"Samaki gani? Harufu ya samaki!" Watu wakaanguka kwa kicheko. "Ya tano, mbuzi moja. Ya sita, ile mwaka askari banaiba mashini ya Usine, tulikula maharage mu giza, hatukutaka moshi ionekane. Ya saba maharage. Ya munane huyu hapa analeta kuku, anasema: mama, hii ni mbuzi iko na mabawa."

"Kuku hapana mbuzi," muzee akasema, bila kucheka.

"Ya kenda, mbuzi moja. Na hii ya juzi, tatu. Tulikula mpaka tukaona haya."

Muzee alikuwa anahesabu kwa vidole, polepole, na mimi nilikuwa natazama vidole vile kama mshtakiwa anavyotazama mdomo wa hakimu.

"Noël kumi," akasema. "Mbuzi saba. Na weye ulilipa kumi na ine. Donc ungoje Noël makumi mbili ndipo mbuzi zako zirudi mu lupango, mu kiwanja yako. Na hapo miti isigonjwe, na askari basirudi. Mwanangu, mutu akikuuzia mbuzi jike, anasema mwaka jana ilizaa mapacha, unauliza tumbo yake yote, hapana tumbo ya juzi."

"Lakini tata, Président anasema mwaka hii itazaa sita!"

"Ni yeye anauzisha?"

"Ndiyo."

"Basi umuulize sababu gani anauzisha mbuzi yenye mimba."

Hapo muzee akafanya jambo ambalo sikulielewa mpaka nilipoota mvi. Akasema: "Mi hapana kukataa. Hii karatasi nitaikamata. Nitaihesabu mbuzi saba, vile ilizaa mu Noël kumi. Lete saba zingine, uchukue muke wako. Nakungoja mpaka Noël inakuja. Kuko famille ingine inapiga hodi, sitaweza kungoja zaidi."

Alikuwa ananiokoa, mwanangu, nami niliona ananitukana. Nikanyakua karatasi yangu, nikasema kitu hiki kina thamani ya mbuzi kumi na nne, kesho thelathini, nikatoka bila kuaga. Baba mudogo alinivuta shati, shati likachanika. Njiani Kavira alisimama na kapu la viazi kichwani.

"Weye unaoa mimi, ao unaoa Président?" akaniuliza. Mara ile hakucheka.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilivunjika yote mawili, nikatembea nayo mpaka Beni. Nilimkuta Muhindo barazani na chupa ya bia, nikamuuliza swali la muzee vile lilivyo. Alicheka mpaka akajifuta macho. "Mon petit, mimi nazeeka. Napenda batoto bakule." Nikamwomba anirudishie pesa zangu. Akasema sehemu haziuzwi kwa kampuni, nitafute mnunuzi. Ni baadaye tulipojua kwamba kila sehemu tuliyonunua sisi vijana ilikuwa yake mwenyewe. Noël kumi alizijua zote. Sisi alituonyesha moja.

Mwaka ule kahawa ilianguka. Usine haikugawa hata chumvi. Kabla ya mwisho wa mwaka Muhindo alikuwa amevuka mpaka wa Uganda pale Kasindi, na nimeambiwa Kampala alijenga nyumba ya gorofa. Kila tofali lake namjua aliyelilipa: ni sisi, vijana wenye malengelenge ya mikono.

Nilirudi kwenye chukudu. Sikuimba tena sana. Kwa mwaka mzima nilisukuma mchana na nikalala nilipoangukia, nikapata mbuzi nne. Mama Masika akanipa mbili bila kumwambia mumewe. Baba mudogo akanipa moja bila kumwambia mkewe. Saba. Siku tatu kabla ya Noël nilizipandisha Kipese kwenye matope, nikiwa na karatasi ndani ya shati, sijui hata kwa nini. Nilifikiri nitaomba muda tu. Kipese yote ilijua kwamba Usine imekufa.

Muzee Kambale alizipapasa mbuzi moja moja, meno na miguu. "Saba. Na karatasi?"

"Tata, haina kitu tena. Unajua."

"Najua. Lete."

"Lakini tata ..."

"Nilihesabu saba mbele ya batu. Kahawa inashuka, zaire inashuka. Kinywa yangu hapana soko." Akaichukua. Nilianza kulia, na yeye akaniacha nilie, kisha akasema neno lililobaki mfupani mwangu: "Usifikiri hesabu yangu haikosee. Weye ulinunua mwaka moja, ukapoteza kumi na ine. Mimi nilinunua myaka kumi, nikapoteza saba. Hesabu nzuri haikukataze kuanguka, mwanangu. Inakuangusha toka chini, hapana toka juu."

Akagonga msumari, akaitundika karatasi juu ya mlango wa nyumba ya mbuzi. Wageni wakiuliza, alisema: "Hizo ni mbuzi saba za mukwe wangu. Ni nzuri, hazikule viazi vya batu." Na kicheko cha puani kikasikika jikoni. Mwanangu, kicheko hicho nimelala nacho na kuamka nacho mpaka leo.

Vita vilipofika, nyumba ile iliungua na mbuzi zote zikaliwa na watu wenye bunduki. Muzee alifia njiani kuelekea Butembo, juu ya chukudu, nikiisukuma mimi. Hapo niwe mkweli, uchungu wangu haujapoa, na sitasema umepoa ili nionekane mzee mwema. Muhindo anazeeka vizuri. Muzee Kambale hana hata kaburi ninaloweza kupalilia.

Kwa hiyo sikia. Wanasema siku njema huonekana asubuhi. Mimi nimeona asubuhi nzuri sana zikileta mvua ya mawe saa sita. Akija mutu na simu yake akuonyeshe faida ya kampuni ya mwaka huu, mwambie asante, sasa nionyeshe ile ya miaka kumi, na mwaka wa askari, na mwaka wa barabara kukatika, na mwaka ule wa sombe. Asipotaka kuionyesha, amekwisha kukuonyesha. Usimuulize anayeuza peke yake. Mtafute aliye na sehemu tangu mwanzo, na kama ana mke, muulize mke.

Wala usihesabu kwa franga. Hata dola isikudanganye. Pesa iliyoninunulia mbuzi nzima nikiwa mpya katika ndoa, leo sokoni Butembo hawakupi hata kichwa na miguu. Geuza kila mwaka kuwa kitu kinacholiwa, mbuzi, gunia la maharage, unavyotaka. Jumlisha yote, gawa kwa miaka, ndipo utajua mwaka wa kawaida wa kampuni hiyo unafananaje. Bei ipime na mwaka huo wa kawaida, usiipime na mwaka wa sherehe. Na ukishapima vizuri, bado acha mbuzi kadhaa nyumbani, kwa maana muzee mwenyewe alipoteza saba.

Moto yako usiiuze leo. Lala kwanza. Kakao ikiwa nzuri, itakuwa nzuri na wiki ijayo.

Mungu wa muzee Kambale akulinde njiani. Akupe Noël za mbuzi, na zile za sombe asikunyime nguvu za kuzipita. Akupe mukwe ambaye neno lake halishuki. Na siku utakapohesabu miaka yako, kuwe na mutu kando yako anayekumbuka mlikula nini, na anayecheka kwa pua. Amina, mwanangu. Sasa geuza hivyo viazi, vinaungua.