Suruali za Shemeji

Dada yangu ni fundi cherehani, na jicho lake watu wanaliogopa. Ukisimama mlangoni tu, keshajua kiuno chako, na kama umenenepa atakwambia mbele za watu. Mimi nakaa pembeni yake, naweka vifungo, napiga pasi na kuvumilia mdomo wake.

Sasa huyu dada ana imani moja: mumewe haugui. "Yule ni chuma," husema. Kwa hiyo suruali za shemeji zilipoanza kumpwaya, kosa likawa la kitambaa. "Vitambaa vya siku hizi vinalegea hovyo!" Akazipunguza kiuno. Zikapwaya tena. Safari hii lawama zikaiangukia sabuni. Baadaye mkosaji nikawa mimi, eti navuta nguo nikipiga pasi mpaka inatanuka. Mimi tena! Nusura nimtupie pasi yenyewe.

Shemeji naye akawa anamaliza jagi zima la maji, halafu mbio chooni. Dada akasema ni joto. Mteja mmoja akauliza, "Mumeo mbona amekwisha hivi?" Dada akanuna: ana kijicho huyo. Mwingine akasema shemeji amependeza, amerudi ujana. Huyo akapewa kiti.

Uvumilivu ukanishinda. Siku shemeji alipopita dukani suruali kaishika kwa mkono, nikamzungushia futi kiunoni na kumsomea dada.

"Futi yako imelegea," akasema bila kuinua kichwa.

"Haya, chukua yako!"

Akampima kwa yake. Akailaza ile futi juu ya rula ya mbao ya kukatia, aone kama nayo imelegea. Zikalingana. Akachukua mwenyewe kufuli la duka, na hasira zangu zote zikaisha palepale. Tukafunga duka mchana kweupe, wateja wanaita.

Hospitali wakakuta sukari imepanda vibaya. Daktari akasema angechelewa kidogo tu, angeanguka. Basi ikawa dawa, sindano, chakula cha kupimwa, na dada kawa mlinzi wa sahani. Shemeji akiitazama tu keki ya watu, dada anakohoa.

Miezi ikapita. Juzi shemeji kaingia dukani, kifungo cha suruali kimekatika.

"Mama watoto, inanibana."

Dada hata hakugeuka. "Kitambaa kimenywea. Wewe mgonjwa, utanenepea wapi?"

Shemeji akacheka mpaka akaegemea ukuta. "Nipime basi."

"Sipimi."

"Nipime, mke wangu."

"Naogopa, baba. Nikipima nikakuta umepungua tena, je?"

Jamani! Mtu tumbo limejaa mbele ya macho yake, na lile jicho linaloogopwa halioni kitu. Nilitaka kucheka, nikajikuta nafuta machozi. Nikamwekea futi mkononi. Akaizungusha kiunoni kwa mumewe taratibu, akafumba macho, akaniambia:

"Soma wewe."