Mama Mistari na Maji Yaliyosimama

Nianze kwa kukiri kwamba kazi ya shemeji yangu niliiona ya kipuuzi. Mtu mzima, mwenye vyeti vyake, anakaa kwenye boti tangu asubuhi, anakwenda moja kwa moja mpaka upande wa pili wa ghuba, anageuka, anasogea hatua kumi, anarudi. Kesho vivyo hivyo. Watu wa gatini walimpachika jina la Mama Mistari, na jina likamganda. Mimi ndiye niliyekuwa dereva wa boti hiyo, kwa hiyo nilicheka kwa adabu, nikiwa nimempa mgongo.

Ni mdogo wa mke wangu. Wote wawili walikulia chini ya meza ya mama yao, fundi cherehani asiye na mchezo. Mshono ukipinda, mama mkwe hakugomba. Aliisukuma nguo kwa aliyeishona na kusema neno moja tu: fumua. Mke wangu anasema walilichukia neno hilo kuliko fimbo. Shemeji alipokua aliajiriwa na wapima barabara, kazi yake kusimama juani ameshika fito, hadi siku alipowauliza kwa nini hesabu yao ya leo haikubaliani na ya jana. Swali lile liliwaudhi, lakini baada ya hapo walimfundisha kupima. Kutoka barabarani akahamia majini, na huko ndiko nilikokuja kumjua vizuri, maana nyumbani ni mtu wa maneno machache na anaondoka mezani kabla chai haijapoa.

Ghuba yetu ina kina kifupi na maji ya tope. Ukitumbukiza mkono, huvioni vidole vyako. Miaka minne iliyopita uliingia mwani wa ajabu, sijui umetoka wapi. Sizungumzii ule wa kuvunwa na kuuzwa. Huu ni majani membamba, marefu kumzidi mtoto wa miaka kumi, hayafiki juu ili uyaone ukayakwepa, ila pangaboi la injini likipita tu, yanajisokota mpaka injini inazima. Boti ya abiria ilikuwa ikikwama kila wiki. Mwishowe wenye boti wakatoa notisi: ikifika mwisho wa mwezi njia haijafunguliwa, boti inahamishiwa kwingine.

Kwa wengine hiyo ilikuwa kero. Kwetu ilikuwa habari ya mama mkwe. Figo zake zimechoka, na mara mbili kwa wiki lazima avuke kwenda hospitali ya ng'ambo kusafishwa damu. Kwa boti ni dakika ishirini. Kwa gari, kuizunguka ghuba, ni saa tatu za mashimo, na mama akitoka kwenye mashine ile hawezi kukaa kitako nusu saa bila kutapika. Tulijaribu njia ya gari mara moja. Siku ile sitaki kuisimulia.

Meneja wa gati akahangaika huku na kule, akapata mashine ya kukata mwani kwa siku nane, si zaidi. Ghuba nzima isingewezekana. Ilibidi ijulikane mwani umesimama wapi na kwa urefu gani, ndipo mashine iambiwe pa kwenda. Kazi hiyo akapewa shemeji, na sona yake.

Sona ni kitu kidogo, kichwa chake hakizidi kikombe cha chai. Unakifunga ubavuni mwa boti, kinazama, kinatoa mlio ambao sikio la mtu halisikii, kisha kinasikiliza mwangwi. Mwangwi wa kwanza unarudi kutoka kwenye ncha za majani, wa pili unatoka kwenye tope la chini. Tofauti ya hiyo miwili ndiyo urefu wa mwani. Shemeji alinieleza haya mara moja, polepole, bila kunifanya nijione mjinga, na sijui watu wangapi wenye elimu wanaliweza hilo. Hata hivyo hakuiamini sona peke yake. Kila baada ya mistari michache aliniambia nisimamishe, akatupa reki iliyofungwa kamba, akavuta mwani, akautandaza kwenye sakafu ya boti na kuupima kwa utepe wa kushonea wa mama yake, ule wa manjano uliofutika namba za mwanzoni.

Sasa nifike kwenye aibu yangu. Sisi madereva wa boti tuna mazoea ya kufuata maji. Yakianza kupwa, unatoka nayo. Yakianza kujaa, unarudi nayo. Injini haihangaiki, mafuta yanabaki, na jioni unajisifu mbele ya wenzako. Kwa hiyo saa za kwenda kupima nilizichagua mimi, maji yakikimbia kweli kweli. Siku ya kwanza tu shemeji aliangalia jinsi maji yanavyovuta kamba ya nanga, akaniuliza kama mwendo ule hautaharibu kitu.

"Uharibu nini?" nikamjibu. "Mwani si samaki, shemeji. Hauhami."

Alicheka, akaniamini. Tulifanya hivyo siku kumi na moja. Reki nayo haikutuokoa. Kule Shingoni, njia nyembamba inayotokea karibu na hospitali, maji yanakimbia zaidi ya kwingine kote, na reki ilipitia juu juu ikarudi na vijani viwili vitatu. Ramani ikatoka na rangi zake: nyekundu kwenye mwani mrefu, njano kwenye wa kati, na Shingo yote kijani kibichi, karibu safi. Meneja alifurahi hadi akaibandika ukutani nyuma ya kiti chake. Siku mbili za kukata Shingoni zingetosha, akasema, na sita zilizobaki mashine ingesafisha mbele ya gati lake, ambako wageni hushukia. Tukapongezwa. Mimi nilijipongeza mara mbili, kwa sababu ya yale mafuta.

Ila wapimaji wana kawaida moja ambayo sikuwa naijua. Wakimaliza mistari ya kwenda na kurudi, wanapiga michache ya kukatiza, kuona kama hesabu zinakubaliana pale mistari inapokutana. Siku ya kukatiza Shingoni injini yangu iligoma kuwaka. Nilihangaika na plagi hadi jasho likanitoka, na tulipoondoka maji yalikuwa yamekwisha kupwa, yamesimama tuli. Tukapiga mistari yetu, tukarudi. Nilidhani imekwisha.

Jioni nilimkuta shemeji mezani kwetu, kompyuta mbele yake, ameshika tama. Kati ya sehemu saba mistari ilipokutana, nne zilikataa. Mstari wa zamani ulisema mwani una urefu wa kiganja cha mkono. Mstari mpya ulisema mita moja na nusu. Nikamwambia ni chombo kimeharibika. Meneja, alipopigiwa simu, alisema achukue katikati ya hizo mbili, aendelee. Shemeji alimjibu kwa upole kwamba jani moja haliwezi kuwa na marefu mawili, akakata simu, na akaendelea kuitazama ile kompyuta.

Wengine nyumbani wanasimulia kwamba jibu alilipata kwenye beseni. Yeye anakataa, anasema alishaanza kulijua, beseni lilimthibitishia tu. Vyovyote iwavyo, mimi nilikuwepo. Kesho yake mchana alikuwa akimwosha mama yake nywele uani. Mama ameinama, nywele zake ndefu za mvi zimeingia majini, zimetawanyika na kuinuka kila upande. Shemeji akachukua jagi akamimina kwa kasi. Nywele zote zikalala upande mmoja, bapa. Akaacha kumimina. Zikainuka tena. Akamimina tena. Mara ya nne mama mkwe akauliza kwa sauti iliyotoka ndani ya beseni kama anaoshwa au anachezewa.

Shemeji akaniangalia. Sikuhitaji kuelezwa. Maji yakikimbia, mwani unalala. Sona inapita juu ya majani yaliyolala na kuona sakafu tupu. Shingo haikuwa safi. Ilikuwa msitu uliolala, na mimi ndiye niliyetupeleka kila siku saa ambayo umelala.

Alimfunga mama kitambaa, akakaa mbele yake, akamwambia yote: kwamba mashine inafika baada ya siku tatu, kwamba ramani yake ina kosa na imekwisha kubandikwa ukutani, na kwamba boti ikipelekwa Shingoni kwa ramani ile itakwama siku ya kwanza, mashine ikiwa imekwisha ondoka. Hakunitaja. Mama mkwe alimsikiliza huku maji yakimtiririka shingoni.

"Basi fumua," akasema, akaomba taulo.

Nilimsindikiza shemeji ofisini kwa meneja. Chumba ni kidogo, feni inapiga kelele, na ile ramani imetukodolea macho. Alisimama chini yake na kusema ni mbovu. Hakuzunguka mbuyu, hakulaumu chombo. Meneja akauliza nani alipanga saa za kupimia. Nilifungua mdomo. Kweli niliufungua, ila ulimi ulikuwa mzito, na shemeji alikuwa mwepesi.

"Mimi ndiye mpimaji," alisema.

Meneja akasema sawa, ana siku tatu, na ramani ya pili ikiwa na walakini asije kuuliza habari ya mkataba wake. Tukatoka. Nje nikaanza kujiumauma, kwamba ningesema, kwamba nilikuwa karibu kusema. Alikuwa akifungua kufuli la boti na hakugeuka.

"Uliponiambia hakuna tofauti, shemeji, mwenye chombo cha kuijua tofauti nilikuwa mimi," alisema. "Shika kamba."

Maji husimama kwa dakika kama arobaini, kisha yanageuka. Mchana wote unapata vipindi viwili tu vya namna hiyo. Siku tatu, vipindi sita. Tulikuwa tunafika Shingoni mapema, tunakaa na injini imezimwa, tunangoja. Mimi ni mtu nisiyejua kungoja. Niligonga gonga ukingo wa boti, nikapiga miayo, nikasema labda yamesimama tayari. Yeye alitupa kipande cha kijiti majini na kukitazama. Kikisogea, alisema bado. Kilipotulia aliinua kidole, nikawasha, tukaenda kwa mwendo wa mtu anayesindikiza mgonjwa, kwa sababu ukiongeza kasi mapovu yanaiziba sona masikio.

Katika kipindi cha tatu picha ilianza kuonyesha mwani wa urefu uleule kila mahali. Ningekuwa mimi ningeshukuru Mungu na kuendelea. Yeye alilala kifudifudi, akaingiza mkono hadi begani, akatoa jani lililokuwa limejifunga kwenye kichwa cha sona, na akataka ule mstari urudiwe tangu mwanzo. Dakika tisa zilikuwa zimepotea. Nilimwangalia usoni nione kama amekata tamaa. Alikuwa ameudhika tu, kama mtu aliyepotewa na sindano. Kisha akatupa reki, na safari hii ilirudi nzito. Sona ilisema mita moja na sentimita sitini. Utepe wa mama ukasema moja na hamsini na nane. Hapo alitabasamu, na nikaona fahari ambayo sikuwa na haki nayo.

Kipindi cha sita kilipokwisha, Shingo yote ilikuwa nyekundu. Meneja aliitazama ramani mpya, akaibandua ile ya zamani mwenyewe, na siku zote nane za mashine zikaenda Shingoni. Mbele ya gati lake mwani upo mpaka leo, na kila nikipita hapo namheshimu kidogo zaidi.

Jumanne iliyofuata boti ya abiria ilipita Shingoni kwa mara ya kwanza. Mama mkwe alikaa mbele, begi la hospitali mapajani, na nilikuwa nyuma yake nikisikiliza injini kuliko nilivyowahi kumsikiliza mtu. Haikukohoa hata mara moja. Katikati ya njia mama alilalamika kwamba boti inakwenda polepole mno. Shemeji, aliyekuwa amemshika mkono, aligeuza uso upande wa maji, na niliona mabega yake yanatikisika. Mimi mwenyewe nililia waziwazi, na sijali nani aliniona.

Wiki ile nilikuwa nikipanga vifaa nikalifungua daftari la kazi. Kwenye ukurasa wa ile ramani ya kwanza, mahali pa sababu ya kurudia, alikuwa ameandika: Nilipima maji yakikimbia. Kosa la mpimaji. Tarehe na sahihi. Kisha nikachukua kalamu, na kwa mwandiko wangu mbaya nikaandika chini yake: Saa ilichaguliwa na dereva. Aliulizwa akajibu asichokijua. Nikatia sahihi yangu.

Hakuwahi kuniambia kama ameyaona maneno yangu. Lakini asubuhi iliyofuata, tulipofika sehemu ya ghuba ambayo haijapimwa, alifunga sona ubavuni, akanipa kile kijiti chake, na kuniuliza tuanze saa ngapi.

Nikakitupa majini. Kilisogea.

"Bado," nikasema, nikazima injini.