Pombe ya Asali Iliyokataa Kuiva

Siku Wakiuru alipoingia Gatitu akiongoza farasi wawili kwa kamba, kinyozi aliacha kichwa cha mteja nusu akatoka nje kuangalia. Watu wakajaa barabarani. Mzee mmoja akauliza lile swali ambalo hata wewe ungeuliza: huyu anakamuliwa? Hapana. Analiwa? Hapana. Analima? Hapana. "Basi huyo si mnyama," mzee akasema, "huyo ni mgeni ambaye hataondoka." Watu walicheka wakashika mbavu, na kwa mwaka mzima Wakiuru hakuweza kununua hata sukari bila kuulizwa kama mgeni wake amelala vizuri.

Hiyo ni miaka kumi na moja sasa. Wale wale waliocheka ndio wanaomwita Mama Farasi, na wakipata jamaa kutoka mbali humleta kwake kwa majivuno, kana kwamba wao ndio waliompa shauri. Watu wa Nyeri tuko hivyo. Tunacheka kwanza, tunashangilia baadaye, na tukiulizwa tunasema hatukucheka.

Wakiuru alikuwa amefanya kazi ya saisi, mtunza farasi, miaka kumi na tisa kwenye shamba la mzungu mmoja upande wa Naro Moru. Alianza kwa kufagia mavi ya farasi. Kupanda alijifunza kwa wizi: mwenye shamba akienda Nairobi, yeye anatandika na kupanda, na farasi hawana mdomo wa kusema. Mzungu alipofunga virago kurudi kwao, alimwachia farasi wawili wazee kama asante. Mwingine angelia. Wakiuru alijenga zizi la mabanzi, akawalisha, akatafuta wengine, na leo ana sita, wamenona, wanang'aa, na hajawahi kumwangusha mgeni hata mmoja.

Jumamosi ndiyo siku yake kubwa. Wageni wanapanda asubuhi, wanateremka katikati ya mashamba ya kahawa, wanavuka mto, wanapanda ng'ambo mpaka kwa kaka yake, Mugo, ambaye ndiye mwenye boma. Hapo wanakula: mukimo, mbuzi wa kuchoma, nduma, na mutura, utumbo uliojazwa nyama. Mke wa Mugo, Kagure, ndiye mpishi. Halafu Mugo mwenyewe anatoa muratina, pombe ya asali, anamkabidhi kila mgeni pembe yake ya kunywea kwa mkono wake. Wengi husema farasi ni wazuri, mlima ni mzuri, lakini kilichowarudisha ni chakula cha yule mama na pembe ya yule mzee.

Ijumaa moja ya mwezi wa saba, baridi ikiuma mpaka kwenye mifupa, simu ya Wakiuru ililia saa kumi jioni. Alikuwa Mugo.

"Wakiuru, pombe imekataa."

"Imekataa nini?"

"Imekataa kuiva. Ile ya zamani ilikwisha wiki jana, na hii mpya ni mara ya tatu. Ya kwanza nikasema ni asali mbaya. Ya pili nikasema ni miratina, yale matunda ya kuchachushia, labda mti haukuwa mzuri. Ya tatu siwezi danganywa. Hapa kwangu kuna mtu ako na kinyongo na mwenzake."

"Baba Ndungu, kesho niko na walimu watano kutoka Wang'uru. Nimewaahidi."

"Wacha waje. Watakula. Lakini mimi siwezi weka pembe mkononi mwa mgeni kama watu wa nyumba hii hawaongei. Mtafute huyo mtu." Akakata simu.

Wakiuru hakulala vizuri. Alijua kaka yake si mtu wa mzaha kwa mambo ya kibuyu cha pombe. Baba yao alitengeneza pombe ya asali, babu yao alitengeneza, na wote walishika sharti moja: nyumba inapochachusha asali, hakuna ugomvi, na aliyekosana na mtu hakaribii ile kona ya jiko ambapo kibuyu kinalala. Kwa hiyo Wakiuru alikaa kitandani akiwahesabu watu. Alimshuku Theuri wa jirani, mwenye kesi ya mpaka. Alimshuku Ndungu, kifungua mimba wa Mugo, ambaye hakuja nyumbani Pasaka. Alishuku kila mtu mwenye jina, isipokuwa mtu mmoja aitwaye Wakiuru.

Asubuhi walimu walifika wakitetemeka kwa baridi. Hapo ndipo ungempenda Wakiuru. Hakuwauliza kama wanajua kupanda. Aliwatazama tu wakitembea kutoka kwenye gari, na kwa mwendo wao akajua nani apewe farasi gani. Kiongozi wao, mwalimu wa sayansi aitwaye Kasyoki, alikuwa anaongea sana, na Wakiuru akajua huyo ndiye mwoga kuliko wote. Akampa Malkia, jike mzee mwenye busara.

"Huyu hakimbii?" Kasyoki akauliza, miguu ikitafuta vikuku vya kukanyagia.

"Huyu? Hata ukimwambia kuna moto anauliza wapi kwanza. Legeza hatamu, mwalimu. Usimshike kama unamnyonga."

Wakateremka kwenye ukungu. Mbele akapanda Wakiuru, mgongo wima, huku akiwaonyesha kahawa, mikadamia, na mahali ambapo mlima ungeonekana kama mawingu yangekuwa na huruma. Nyuma kabisa alitembea kwa miguu msaidizi wake, Barnabas Khavere, polisi mstaafu wa Kiganjo, Mluhya aliyekuja Nyeri kwa kazi akasahau kurudi. Barnabas ni mtu wa maneno machache, na hayo machache huyatoa yakiwa yamekauka vizuri.

Mtoni farasi waliinamisha vichwa kunywa. Wakiuru akashuka kukaza mkanda wa tandiko la Kasyoki, Barnabas akamshikia. Wakiuru akamweleza habari ya simu, na shida yake ya kumtafuta mwenye kinyongo.

Barnabas akakohoa. "Mama Farasi, naweza kusema kitu?"

"Sema."

"Mwezi wa tano, wale wageni wa benki. Mama mmoja alikuuliza, huyu anayetuletea chakula ni nani. Ulikuwa unakaza mkanda hivi hivi. Hukugeuka. Ulisema, 'Huyo? Huyo ni wa jikoni tu.'"

"Nilisema hivyo?"

"Ulisema. Na Mama Ndungu alikuwa nyuma yako, ameshika sinia ya nduma."

Wakiuru aliachia mkanda. Maji ya mto huo ni ya barafu, lakini uso wake ulikuwa unawaka. Sasa aliona yote. Aliona jinsi tangu mwezi wa tano Kagure hatoki tena kuja kuwasalimu kwenye lango, na yeye akajiambia ni magoti. Aliona jinsi chakula kinaletwa na wasichana wa jirani, na yeye akajiambia ni vizuri, mama apumzike. Hakuna siku aliingia jikoni kuuliza. Hata moja.

"Mbona hukuniambia, Barnabas?"

"Wewe ni mkubwa wangu," Barnabas akasema. "Na nilidhani unajua."

Njia ya kupanda kutoka mtoni ni nusu saa. Wakiuru hakuonyesha kahawa tena wala mlima. Maana yule aliyemwita wa jikoni tu ndiye aliyemlea. Mama yao alipokufa, Wakiuru alikuwa na miaka tisa. Kagure alikuwa bibi harusi wa juzi, miaka ishirini na miwili, na Ndungu akiwa mgongoni bado hajaota meno. Hakuna mtu angemlaumu kama angesema huyu mtoto apelekwe kwa shangazi. Hakusema. Alimvika, akamtibu surua, akaenda shule siku ya wazazi akakaa kwenye kiti cha mama bila kujieleza kwa yeyote.

Bomani, Mugo aliwapokea walimu kwa heshima zote, akawakalisha kwenye viti chini ya mabati karibu na moto. Kisha akawaambia kweli, maana hajui kuzunguka.

"Wageni wangu, chakula kiko. Pombe haiko. Imekataa, kwa sababu hapa nyumbani kuna watu hawapatani."

Kasyoki, ambaye sasa alikuwa ardhini na ameokota ujasiri wake, akainua kidole. "Mzee, samahani. Mwezi wa saba kuna baridi sana. Hamira ya asali haifanyi kazi kwenye baridi."

"Mwalimu," Mugo akasema kwa upole, "baridi iko kila mwaka wa Mungu. Mwaka jana iliiva. Mwaka juzi iliiva. Baridi imeanza lini kuwa na ubaguzi?"

Walimu wakacheka, Kasyoki naye akacheka. Wakiuru hakucheka. Alimwachia Barnabas hatamu zote, akapiga moyo konde, akaenda jikoni.

Kagure alikuwa ameinama kwenye sufuria kubwa, akiponda mukimo kwa mwiko. Ana miaka sitini na mitano na mikono yake bado inaponda viazi vya watu kumi bila kupumzika. Hakuinua kichwa.

"Mama Ndungu."

"Mm."

"Nimejua nilichosema. Nimekuja kuomba msamaha."

Mwiko haukusimama. "Hapa jikoni unaomba nini? Hapa tuko wawili na moshi. Hayo maneno uliyasema huko nje."

"Wale wageni walishaenda."

"Wageni ni wageni."

Basi. Wakiuru alisimama pale kidogo, mwanamke wa miaka hamsini na miwili, mwenye farasi sita na jina linalojulikana, akiwa na hofu ile ile ya mtoto aliyevunja kibuyu. Na sitaficha: alifikiria kurudi kwa farasi wake na kuondoka. Kuomba msamaha mbele ya watu watano waliokuja kustarehe, watu ambao wangerudi Wang'uru kusimulia! Lakini alitoka, akasimama mbele ya moto, akavua kofia yake.

"Walimu, naomba mnisikize kabla ya kula." Sauti ilimtetemeka, akaiacha itetemeke. "Mama anayepika hapa anaitwa Kagure. Nilifiwa na mama nikiwa na miaka tisa, na huyu ndiye alinichukua, na yeye mwenyewe alikuwa karibu msichana. Kila kitu niko nacho kilianzia kwa mkono wake. Mwezi wa tano nilisimama hapa mbele ya wageni kama nyinyi, nikaulizwa ni nani, nikasema ni wa jikoni tu. Ningependa kuwaambia ulimi uliteleza. Haukuteleza. Nilikuwa nimejiona mkubwa. Mama Ndungu, nisamehe."

Kagure alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, mwiko mkononi.

"Umemaliza?" akauliza.

"Nimemaliza."

Kagure akageuka akarudi ndani. Mioyo ya watu ilianguka, nakwambia. Mugo alitazama chini. Wakiuru akavaa kofia, akageukia farasi wake, kwa sababu hakujua pengine pa kugeukia.

"Wewe! Unaenda wapi?"

Kagure alikuwa ametoka tena. Mkono mmoja ulikuwa na kigoda, mwingine sahani iliyojaa. Akakiweka kigoda katikati ya wageni.

"Keti."

"Mama Ndungu, farasi hawajapewa maji—"

"Huyo polisi hana mikono? Keti." Wakiuru akaketi. "Sasa nikuulize, na ujibu mbele ya hawa watu. Miaka kumi na moja unaniletea watu waje kula. Wewe umewahi kula?"

Wakiuru alifungua mdomo kusema ndiyo. Akatafuta siku, akatafuta mwaka. Kila Jumamosi alikuwa na maji ya farasi, kwato, mikanda, simu. Kila Jumamosi alikula mkate na chai ya chupa aliyobeba kutoka kwake, amesimama, nyuma ya zizi la ng'ombe. Akatikisa kichwa.

"Lile neno la jikoni liliniuma, sikatai," Kagure akasema, na sasa ndipo sauti yake ilipokatika. "Lakini lile ni la siku moja. Mimi nimeangalia miaka hii yote wageni wakisifu, wakiomba tena, na wewe unapita na ndoo. Nikasema basi, Wakiuru wangu ameshakuwa mtu wa kula kwingine. Chakula changu kimebaki cha wageni."

Wakiuru alichota mukimo kwa mkono, bila kungoja kijiko, akala. Ulikuwa na majani ya malenge mengi na chumvi kidogo, vile Kagure alivyoupika tangu zamani kwa sababu kulikuwa na mtoto mmoja nyumbani aliyelalamikia chumvi. Machozi yakamtiririka akiwa anatafuna, mbele ya walimu, na hakuyafuta.

Kasyoki akamwinamia Mugo. "Mzee," akanong'ona, "sasa itaiva?"

"Nyamaza, mwalimu. Watu wanakula."

Kagure akavuta kiti akaketi karibu na Wakiuru, goti kwa goti, akimwangalia kila tonge. Na kabla sahani haijafika hata nusu, akamwongezea.